Raba ya Mpima Maziwa

Mpima maziwa wetu wa kijijini Kwai alikuwa ameitoboa raba yake ya kufutia, akaivaa shingoni kwa uzi. Asubuhi alipima maziwa ya kijiji cha ujamaa. Jioni, vidole bado vikinuka maziwa, alitandaza mchezo aliobuni mwenyewe juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Kila mmoja wetu alikuwa mtu fulani mle, mwenye uwezo wake ulioandikwa kwa penseli, na kwa dadu tulishindana kufika sokoni. Mwindaji wangu aliruka mito miwili. Niliposhinda mfululizo, raba ilishuka: "Umezidi, bwana. Ruka mmoja tu."

Mama Zaituni, mkunga wa kijiji, alicheza kama mkunga, na kila siku alifika wa mwisho. Siku alipojitanda kanga aondoke asicheze tena, mpima maziwa alimsihi: "Keti kwanza, mama. Leo mkunga nimchukue mimi." Akamchezesha mkunga, akashindwa mara tatu, akicheka, kisha akaandika: *Mkunga akipita, wote wanampisha.* Mama Zaituni akamrudia mkunga wake, akatushinda mara nne.

Nikaidai raba imshukie na mkunga. Mpima maziwa akaitumbukiza ndani ya shati.

"Siku uliyozaliwa wewe," akaniuliza, "nani hakumpisha huyu mama?"