Siku Niliyomtangaza Bi Somoe Sokoni

Nichekeni mapema tuyamalize, maana hadi leo nikipita soko la samaki hapa Lindi lazima mama mmoja muuza mihogo aulize, "Afisa, tumbo limepona?" na mimi, afisa ustawi wa jamii mzima, natazama chini kama natafuta sindano.

Ilikuwa wakati wa korona. Kazi yangu ilikuwa kuwapitia watu wasio na makazi wanaolala barazani pale sokoni, kuwaeleza habari za barakoa na kunawa mikono, na kawaida nilikuwa nachutama, natoa shikamoo, tunaulizana hali, halafu habari za ugonjwa zinaingia zenyewe. Asubuhi nzima inakatika kwa watu sita. Sasa siku hiyo bosi anakuja kukagua, nikajiuliza, atanikuta nimechutama? Nikaazima kipaza sauti cha jamaa anayenadi mitumba. Uamuzi mdogo tu, jamani.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, sauti yangu inajaa soko zima, nikaipenda (kile kitu kinalevya, asikudanganye mtu), mara nikamwona Bi Somoe, bibi anayelala karibu na mzani wa samaki, kajifunika kanga anakohoa. Siku mbili nilikuwa nambembeleza twende zahanati, hataki. Nikasema, tena kwa madaha, "Bi Somoe! Bibi unayekohoa hapo! Usiogope, njoo ukapimwe!"

Mama lishe aliyekuwa anamchotea uji akarudisha upawa sufuriani, watu wakasogea mbali, mwenye baraza akaanza kumtolea virago vyake barabarani. Nikachanganyikiwa, nikaongeza sauti: "Msimkimbie! Hatujui bado kama ni korona!" Hapo wakakimbia hata waliokuwa hawajasikia mwanzo.

Bi Somoe akaja taratibu, akaninyang'anya kipaza sauti (nilimwachia, ningefanyaje, na bosi ndiyo kwanza anashuka kwenye gari).

"Haya, sikieni," akasema. "Mimi nakohoa. Na huyu mtoto juzi tumbo la kuendesha lilimkamata hapa hapa, akanijia analia, nikamshikia mlango wa choo, nikampa na kanga yangu ajifunge. Mlinisikia nikitangaza?"

Watu walicheka mpaka samaki wakasahauliwa. Bosi alicheka ndani ya barakoa, mabega yanamtikisika. Lakini kicheko kilipoisha virago vya yule bibi vilikuwa bado barabarani, na hilo liliniuma kuliko aibu yote ya tumbo.

Alikubali twende zahanati. Tulipotoka na majibu nikamwambia, "Bibi, niruhusu nikawaambie." Akanikata jicho. "Hayo ni yangu."

Basi ikabidi nichutame upya, safari hii mbele ya mama lishe, mbele ya mwenye baraza, mbele ya wauza samaki mmoja mmoja, naomba radhi na kueleza ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza, bila kumtaja mtu. Siku tatu. Siku tatu zote hizo Bi Somoe alilala nyuma ya stendi, kwa sababu yangu, mpaka mwenye baraza alipombebea virago mwenyewe akamrudisha.

Kipaza sauti sikishiki tena, hata harusini. Na najua mnataka kuniuliza bibi alikutwa na nini. Muulizeni mwenyewe, yuko pale karibu na mzani. Ila chutameni kwanza.