Maada ya Giza Kwenye Foleni ya Sukari

Foleni ya sukari pale Ngokolo ilikuwa haisogei, basi mwalimu mmoja wa fizikia akaanza kumsimulia mwenzake habari za mbinguni. Alisema wataalamu wanahisi kuna maada ya giza, haionekani, ila uzito wake ndio unaozikusanya nyota makundi makundi.

"Lakini kama inagongana yenyewe kwa yenyewe," akagonganisha ngumi, "vikundi vidogo vinasambaratika kabla havijakua."

Bibi aliyesimama mbele yao akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia. "Mnajuaje ipo, na haionekani?"

"Shikamoo, bibi. Wanapima, wanabishana, wanapima tena. Bado hawana hakika."

"Marahaba, mwanangu. Kwetu hawakupima. Kaya zetu zilikuwa mbali mbali. Tulipohamishiwa kijiji kimoja tukaanza kugongana. Mtoto wa jirani akafa, wanakijiji wakamtazama dada yangu macho. Yalikuwa mekundu kama haya yangu. Wakasema ni mchawi, wakaja na mapanga."

Bwana aliyekuwa mbele ya bibi akageuka, akamtazama macho, akaacha nafasi yake akaenda kusimama nyuma kabisa.

Wapima mbingu bado hawana hakika. Yule bwana alitazama mara moja tu, akawa nayo.