Vidonge Pindoni mwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Ipagala, Dodoma, kutoka kijijini Busi na kibuyu cha asali, unga wa uwele na swali moja: mjukuu wa tatu yuko wapi? Hakuliuliza mlangoni. Aliitikia shikamoo yangu, akanywa maji, akanitazama tumboni, ndipo akauliza.

Nilicheka tu. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, nami sikuwa na ubavu wa kumweleza mama yake habari za matiti. Mama yangu mzazi alikufa kwa saratani ya titi. Dada yangu akamfuata, mtoto wake hata meno hajaota. Daktari aliyemtibu dada aliniambia mimi ni mzima, lakini ipo dawa ya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Haizuii kabisa, inapunguza hatari, na niimezapo nisishike mimba. Miaka hiyo maduka ya dawa ya watu binafsi ndiyo yalikuwa yanaota kama uyoga Dar es Salaam, na moja likawa linanitumia vidonge kwa basi.

Asubuhi moja nikakuta pakiti haipo. Nikapekua kabati, nikainua godoro, nikawasingizia watoto. Siku zikapita. Ofisini nikawa nachapa hotuba za waheshimiwa huku najipapasa kwa siri, nikigusa vinundu visivyokuwepo. Niliogopa, sifichi.

Mama mkwe naye alizidi kunikorogea uji wa uwele kwa asali. "Kunywa, mwanangu. Mwili ujiandae."

Kisha jirani akanidaka bombani, meno yote nje. "Hongera! Mama mkwe kasema umeacha vidonge vya majira. Sasa uzae."

Nilirudi nyumbani hasira zimenipanda hadi utosini. "Mama, dawa zangu unazo?"

Akashika pindo la khanga yake. Lilikuwa na fundo kama ngumi. "Mke wa mwanangu afunge uzazi, nami nikae kimya?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitoa. Nilipofika kwenye kifo cha dada, nikalia.

Mama mkwe alihangaika na lile fundo, vidole vikamshinda, akalifungua kwa meno.

Tangu siku ile nikapata mnyapara. Kila alfajiri akishasali: "Umemeza?" Nyumba ya tatu walisikia. Dawa iliniletea joto la ghafla; upepo wa Julai unavuma, Dodoma nzima imevaa masweta, mimi natiririka jasho na yeye ananipepea kwa ungo, akisema nimegeuka jiko, bora anibandikie maharage. Jirani alipodadisi habari za mimba, mama mkwe ndiye aliyemjibu: "Wawili wanatosha. Kwani unawalea wewe?" Jamani, nilimpenda mwanamke yule.

Asubuhi ya kurudi Busi alikuwa barazani akimsuka binti yangu.

"Ugonjwa huu," akaniuliza, "na huyu anaweza kuurithi?"

"Huenda, mama. Sijui."

Akamaliza msuko wa mwisho bila haraka, akamruhusu mtoto akacheze.

"Akifika umri wa kumeza dawa kama wewe, mimi watakuwa wameshanizika. Wewe ndiye utakayekuwa naye." Akaninyooshea kikombe cha maji. "Haya, meza nikuone."