Mjomba alisema "nasikia", daktari akaandika mzima

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee wa Garsen, nachapa kwa kidole kimoja. Chumvi nitatia kwenye safari tu, kwenye ugonjwa sitii.

Miaka ya hamsini mjomba wangu Komora alianza kutembea akibamiza miguu chini kama anatwanga mpunga. Akifumba macho kunawa uso, anaanguka. Shamba lake kando ya mto Tana likamezwa na magugu.

Ndugu zake wakasema ni uvivu, shamba apewe mwingine. Mjomba akaapa ataenda hospitali, na harudi bila jina la ugonjwa.

Mimi nilikuwa nimehitimu ngumbaru, shule ya watu wazima, msomi wa kusoma hadi karatasi za sabuni. Nikampeleka hospitali ya pwani. Lori lilikwama matopeni mara mia. Haya, tatu.

Daktari Mzungu alikuwa na kisanduku cha umeme wa betri. (Sisi umeme tuliujua wa mawinguni.) Akagusisha waya mguuni, mguu ukaruka kama kambale.

"Unasikia?"

"Nasikia, Bwana Daktari."

Kila alipogusa, nasikia. Daktari akaandika: mishipa mizima, aende nyumbani.

Nje nikauliza, "Mjomba, ulikuchoma vipi ule umeme?"

"Unichome wapi? Nimesikia kisanduku kinavuma kama nyuki. Si ndicho alichouliza?"

Wakuu, nilirudi nikasimama mlangoni kwa daktari, nikasema kipimo kimekosewa. Karani wake akasema, "Wewe ngumbaru imekupanda kichwani."

"Imepanda. Lakini arudie, amzibe masikio."

Akazibwa masikio kwa pamba na macho kwa kitambaa, akiwa ameshaambiwa ainue mkono akihisi kitu mguuni. Mguu uliruka mara saba. Mkono haukuinuka.

Daktari akafuta alichoandika. "Misuli inapokea amri, ila habari za mguu hazifiki kichwani. Ubaya uko kwenye uti wa mgongo."

Damu na maji ya mgongo vikasema: kaswende ya zamani. Mjomba akainamisha kichwa. "Ya ujanani hiyo. Nilidhani iliisha."

Akachomwa sindano za penisilini. Kilichopotea hakikurudi, ila ugonjwa ulisimama.

Nyumbani hakuficha. "Ni kaswende, si uvivu. Shamba ni langu." Kaka yake akakohoa, akaondoka. Msimu ule mjomba alilima kwa magoti, na hakuna aliyemgusia tena habari za uvivu.

Nilichojifunza: kwetu kusikia ni kwa masikio na kwa ngozi. Mgonjwa akisema nasikia, muulize kwa kipi.

Nani kati yenu neno moja liliwahi kumponza hospitalini? Mwageni hapa, hata wabishi.