Mama Grisi na vibati vilivyokwamisha dai la kodi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa chuma umefunguliwa nusu, na ndani ya kiwanda cha maboksi hakuna mashine iliyowashwa bado. Kinachosikika ni maji yanayodondoka bombani na mtu anayeguna sakafuni.

Anayeguna ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Amelala chali juu ya kipande cha boksi, kichwa na mabega yake yamezama chini ya mashine ya kukunja na kubandika maboksi. Inaonekana miguu miwili tu, yenye soksi za kijani.

"Usinikanyagie tambara langu," anasema kabla hajasalimiwa. Kisha anakumbuka adabu. "Haya, karibu. Habari za asubuhi?"

Kiwandani wanamwita Mama Grisi. Kazi yake ni kulainisha kila beringi, kila gia na kila mnyororo kabla ya saa moja na nusu, wakati zamu ya asubuhi inapoingia. Alianza hapa miaka kumi na tisa iliyopita akifagia. Siku moja fundi mkuu wa wakati ule alimkuta ameegemea ufagio, amesimama kimya mbele ya mashine, akamuuliza anangoja nini. Akajibu kwamba mashine inalia. Ilipofunguliwa, beringi moja ilikutwa imekauka kabisa. Fundi alimpa bomba la grisi siku hiyohiyo, na ufagio akakabidhiwa mwingine.

Mshahara wake, anasema bila kuona haya, unatosha pango la vyumba viwili, unga, mafuta ya kupikia na nauli ya siku ishirini. Siku zinazobaki anatembea. Ni mjane, na anaishi na mdogo wake wa kike, ambaye naye ni mfanyakazi wa hapa, zamu ya mchana.

Lakini si grisi iliyomleta mwandishi huyu kiwandani. Ni kodi. Mama huyu, ambaye hajawahi kujaza fomu ya kodi maishani mwake, ndiye aliyelikwamisha dai kubwa kuliko yote ambayo kampuni yake imewahi kupeleka serikalini. Tena ndiye aliyelikwamua.

Kampuni inaponunua mashine hulipa bei, na juu ya bei hulipa kodi ya ongezeko la thamani. Mzigo wa kodi hiyo umekusudiwa kubebwa na mnunuzi wa mwisho, si na kiwanda kinachonunua mtambo ili kizalishe. Kwa hiyo kampuni hulipa kwanza, halafu huomba irudishiwe. Mama Grisi analieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko mhasibu wake.

"Ni kama umemlipia mtu nauli garini. Umelipa, sasa unamwangalia usoni safari nzima."

Kodi iliyolipwa kwa mashine hii mpya aliyolala chini yake, kwa hesabu ya mhasibu, ni sawa na mshahara wa Mama Grisi wa miaka thelathini na moja. Fedha hiyo ikirudi ndiyo ingenunua karatasi za zamu ya mchana. Bila karatasi hakuna zamu, na zamu hiyo ni ya wanawake kumi na wanane. Mdogo wake ni mmojawapo.

Mashine ilifika mwaka jana ndani ya kontena, ikiwa imechubuka ubavuni. Bosi alimwambia Mama Grisi azibe michubuko kwa rangi kidogo. Wanaomfahamu watakwambia kwamba "kidogo" si neno lake.

"Nikasema, nikiipaka hii peke yake, ile kuukuu itaonekana imesuswa," anasimulia. "Imetulisha miaka kumi na moja. Nikazipaka zote mbili, kichwa hadi miguu."

Mashine hizo zimetoka kwa mtengenezaji mmoja. Kila moja ina kibati kidogo ubavuni chenye namba yake, kimefungwa kwa skrubu nne. Mtu asiyejali kazi angepaka rangi pembenipembeni na kukichafua. Mama Grisi akavifungua vibati vyote viwili, akavitumbukiza katika kopo moja la mafuta ya taa ili vitakate. Rangi ilipokauka akavifuta, akavirudisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kibati cha mashine kuukuu kilikuwa cha shaba nzito ya zamani, na baada ya kusuguliwa kiling'aa hata ungeweza kujitazama. Kile cha mashine mpya kilikuwa cha bati jepesi, kimefifia.

"Sikusoma namba. Darasa la saba nilimaliza, namba nazijua, wala macho hayajanisaliti," anasema, akijifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nilitazama kipi kinang'aa. Nikajiambia hiki ndicho kipya. Nilijidanganya kwa usafi wangu mwenyewe."

Miezi miwili baadaye maofisa wawili wa kodi walikuja kuhakiki. Ndivyo inavyofanyika: fedha hazirudishwi mpaka mtu auone mtambo kwa macho na kulinganisha namba yake na ankara na karatasi za forodha. Walisoma kibati cha mashine mpya. Namba haikulingana. Walipopekua kumbukumbu wakaikuta namba hiyo ni ya mashine iliyonunuliwa miaka kumi na moja nyuma. Na mashine yenyewe ilikuwa inanukia rangi mbichi.

Mwandishi huyu asingewalaumu. Hata angekuwa yeye, angedhani mzee amepakwa poda akaletwa kama bwana harusi.

Barua ikaja. Dai limesimamishwa, kampuni inashukiwa kuwasilisha mtambo wa zamani kama mpya, na ijieleze ndani ya siku thelathini. Bosi alimpigia simu aliyemuuzia mashine, wakatukanana. Mhasibu, kijana mpole wa miwani, alikonda. Wiki ileile zamu ya mchana ilitangaziwa ikae nyumbani bila malipo.

Katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyemuuliza Mama Grisi kitu. Barua za kodi hukaa ghorofani, na yeye huko hupanda mara moja kwa mwaka kuchukua sare.

Alijua kwa bahati tu. Asubuhi moja alikuwa chini ya mashine mpya wakati jozi mbili za viatu ziliposimama karibu na sikio lake. Vilikuwa viatu vya bosi na vya mhasibu, na wenyewe walikuwa wakigombana juu ya kibati.

"Bosi anasema namba hii imetoka wapi, ina miguu? Mhasibu anasema hata mimi sijui, mzee. Nikaelewa palepale. Grisi ilikuwa imekwisha, kazi ilikuwa imekwisha, lakini sikutoka. Nilibaki chini dakika kumi nzima. Niliogopa, sikufichi. Kwa umri wangu huu, nikifukuzwa nani ataniajiri?"

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mbili za kwanza alizimaliza akiwa kimya. Nyumbani mdogo wake alikuwa amekwisha uza simu yake na alikuwa akifua nguo za majirani. Siku ya tatu jioni, wakichambua mchele, akamwambia.

Mdogo mtu, mwanamke wa miaka thelathini na sita anayecheka kwa urahisi, hacheki anapolikumbuka jambo hilo.

"Nilimaliza mchele wangu, nikachukua na wa kwake nikaurudia, maana alikuwa anatupa mchele anabakiza mawe," anasema. "Halafu nikamwambia, dada, wiki tatu nzima namlaani mtu nisiyemjua. Kila nikiinama kufua namlaani. Kumbe nakulaani wewe, na uko chumba cha pili."

"Akalia?"

"Tulilia wote. Halafu nikamwambia, kesho unasema. Usiposema wewe, naenda getini nasema mimi."

Asubuhi Mama Grisi alipanda ghorofani na sare yake ya kazi. Mhasibu anakumbuka kwamba alikataa kuketi kwa sababu kiti kilikuwa cha kitambaa. Alieleza yote kwa pumzi moja, kopo, mafuta ya taa, shaba, bati.

"Nikamuuliza, mama, kwa nini hukusema siku zote hizi?" anasimulia mhasibu. "Akanijibu, mwanangu, siku za mwanzo hamkuniuliza. Siku hizi tatu ni woga wangu."

Kijana alifurahi, kisha furaha ikamwisha. Nani angeamini hadithi hiyo? Kampuni inashukiwa udanganyifu, halafu inapeleka barua kwamba vibati vilibadilishwa na mwanamke wa kupaka grisi kwa bahati mbaya. Kama vibati vinafunguka kwa bisibisi, basi vinaweza kuwekwa popote na yeyote, leo au jana. Alimwambia hivyo waziwazi.

Mama Grisi akamtazama kwa mshangao. "Lakini namba ya kweli si ya kibati," akasema. "Namba ipo kwenye chuma chenyewe."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Chini ya mashine, nyuma ya kifuniko cha mota, mtengenezaji hugonga namba ileile ndani ya chuma, mahali pasipoonekana na mtu aliyesimama. Katika vitabu vya mashine haikuandikwa. Fundi mkuu wa sasa hakuijua. Lakini kila asubuhi Mama Grisi hupitisha vidole hapo akitafuta tundu la grisi, na namba hizo huwa ndizo alama yake kwamba amefika.

Barua ya maelezo ilipelekwa siku ya ishirini na nane. Wiki iliyofuata maofisa walirudi, safari hii wakiongozwa na mkuu wao, mama mmoja mwenye sauti ndogo na maswali mengi. Ofisa wa kiume aliitazama sakafu, akalitazama shati lake jeupe, akauliza kama hakuna picha.

"Picha ya nini, na mashine iko hapa?" akasema mkuu wake. Akavua koti, akavua viatu, akalala chali juu ya boksi kando ya Mama Grisi.

Waliobaki wamesimama waliona jozi mbili za miguu tu na kusikia mazungumzo. "Leta mkono wako, mwenzangu. Siyo hapo, hapo utaungua siku ikiwa imewashwa. Hapa. Futa kwanza." Kisha sauti ndogo ikaanza kutaja tarakimu moja baada ya nyingine, na mwenye shati jeupe akazilinganisha na ankara. Zilikuwa kumi na moja. Zote zililingana. Wakahamia chini ya mashine kuukuu, wakakuta namba yake nayo imekaa kwake, chini ya ukoko wa grisi wa miaka mingi ambao haungeweza kutengenezwa kwa siku moja.

Mkuu alitoka akiwa na doa jeusi shavuni. Mhasibu anasema hakuna aliyethubutu kumwambia.

Dai lilikubaliwa baada ya wiki saba, na fedha zikaingia benki mwezi uliofuata. Bosi hakumfukuza Mama Grisi. Alimpa barua ya onyo, na mama anaitunza ndani ya bahasha ya plastiki.

"Nilistahili," anasema. "Kosa la kupenda kazi nalo ni kosa. Waliolala na njaa hawakushibishwa na usafi wangu."

Zamu ya mchana ilirudi Jumatatu moja, saa nane kamili. Mdogo wake alikuwa mbele. Mama Grisi, ambaye kwa kawaida huondoka saa saba, alibaki getini akiwahesabu wanavyoingia. Waliingia kumi na saba.

Aliyekosekana ni mwanamke wanayemwita Mama Pacha, aliyekuwa akipanga maboksi mwisho wa mkanda. Katika miezi ile ya kukaa bila malipo alishindwa pango, akafungasha na watoto wake wawili, akahamia kwa kaka yake, safari ya saa tano kwa basi. Namba yake ya simu haipatikani tena.

Kampuni imerudishiwa kodi yake yote, na ngumi imemfika asiyekuwamo ugomvini. Mama Grisi halisemi hivyo, lakini kila mazungumzo yake hurudi hapo. Amemwendea bosi mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa nafasi haiwezi kukaa wazi. Mara ya pili alipewa hadi mwisho wa mwezi.

Jumamosi hii anasafiri na mdogo wake. Nauli ya kwenda na kurudi itakula karibu robo ya mshahara wake, na amekwisha kata tiketi. Wanachojua ni jina la kituo cha kushukia, na kwamba kaka wa Mama Pacha ni seremala.

Zamu ya asubuhi inaanza kuingia. Mama Grisi anakunja tambara, anagonga ubavu wa mashine kwa kiganja, na anaiacha iwashwe. Anaulizwa kama atatangulia kumpa mwenzake habari njema, kwamba kazi yake bado ipo.

Anatikisa kichwa.

"Nitaanza na kosa langu. Nitamwambia aliyekutoa mjini si kodi, ni mimi hapa. Aninyamazie, anitukane, anifukuze, yote sawa. Habari ya kazi nitaisema mwisho, hata kama nitaisemea nje ya mlango," anasema. "Nikianza nayo atadhani nimekuja kumhonga."