Ukuta Nilioujenga juu ya Mawe ya Mto

Niliondoka Goma kwa sababu moja tu: kumtoa mama kando ya mto. Jirani yake alinipigia simu akasema mafuriko yamefunika shamba la maharagwe na maji sasa yanafika karibu na jiko. Mama ni mjane, na kaburi la papa, baba yetu, liko nyuma ya nyumba; kila tulipomwomba ahame, alikataa. Mke wangu akanicheka: "Huyo mama hataacha kaburi. Utarudi weye peke yako na mukungu wa ndizi."

Asubuhi nilipanda pikipiki hadi Kalengera, matope yakinirukia kidevuni. Kutoka hapo nikapanda milima kwa miguu.

Nilipofika mtoni nilisimama kama mjinga. Mto uko wapi? Pale tulipokuwa tukiogelea utotoni, maji yakitufika kifuani, palijaa kokoto na mawe makubwa kama vyungu. Maji yenyewe hayakufika magotini. Kusema kweli, nilifurahi.

"Mama, mto umekwisha! Unaogopa nini?"

Mama aliniangalia, jembe mkononi. "Hauyakwisha. Umepanda juu ya ile mawe. Zamani nilikuwa nashuka kuchota maji. Leo niko nachotea ku mulango."

Maji yamepungua, halafu hatari imezidi? Haikuniingia akilini hata kidogo.

Mimi ni mwashi, tena mtu wa Goma. Kwetu volkano ikimwaga mawe juu ya parsela yako, kile kiwanja chako, unalia, unangoja yapoe, kisha unajenga juu yake. Mawe yakishakuja, yamekuja. Basi nikaona Mungu katuletea msingi wa bure, na mama hana haja ya kuhama. Mchana kutwa nikajenga ukuta juu ya lile tuta la kokoto, kati ya nyumba na maji.

"Ile mawe haiyafika, mutoto wangu," mama akasema. "Iko mu safari."

Nikamwambia aniachie kazi yangu.

Kesho yake mchana, pale kwa mama jua liliwaka, lakini mvua ilikuwa imefunga kileleni. Tukasikia ko, ko, ko: mawe yakigongana chini ya maji. Mara mto ukaja, mwekundu. Ukuta wangu haukusukumwa, la! Kokoto za chini ndizo zilizoanza kuondoka, ukuta ukadidimia, ukaenda nazo. Jiko likafuata. Jamani, nililia mbele ya mama yangu bila haya.

Maji yaliposhuka, nilitafuta hata jiwe moja la kwangu. Penye ukuta pamekuwa shimo, palipokuwa shimo pana kilima cha changarawe. Nilizunguka pale nisijue hata upande niliojengea. Hadi leo sielewi mto mmoja unawezaje kujaza huku na kuchimba kule, kwa maji yaleyale. Nilichojifunza ni hiki tu: kabla ya kujenga juu ya jiwe, uliza kama limemaliza kutembea.

Siku ya kurudi, mama alifunga nguo zake bila kubishana. Nilishangaa. Tulipopita kaburini nikamuuliza, kwa woga, "Na papa je? Si ni kwa ajili yake ulikuwa unakataa kuhama?"

"Papa yako tuliagana zamani," akasema, bila kusimama. "Nilikuwa nabakia ju ya ninyi watoto, mukuwe na kwenu, fasi ya kurudia."