Kila mtu alijibu kumi: nilivyoshukiwa kupika data Riyadh

Wakuu, salaam kwenu, walio nyumbani na walio ughaibuni.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimeamua kuchangia yangu. Hii sikuhadithiwa na binamu ya rafiki, imenipata mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni dada wa Voi. Niliingia Saudia na lile wimbi la miaka ya 2010, enzi ambazo kila ajenti Nairobi alikuwa anatafuta wasichana. Nikafanya kazi za ndani Al-Naseem, Riyadh, hadi mkataba ukaisha. Familia haikuwa mbaya, lakini niliapa sitashika mop ya mtu tena.

Kiarabu nilikuwa nimeshakishika na Kiingereza ninacho, nikapata kafili mwingine wa kunidhamini, kampuni ndogo ya utafiti. Ikama, kile kibali cha kuishi, ikahamishwa. Nikaanza kutembea na kitambulisho shingoni kama mtu wa benki. Wacheni nijisifu kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa survey ya kimataifa. Maswali ni yale yale nchi nyingi, kuhusu maadili na mitazamo ya watu. Je, watu wanaaminika? Dini ina uzito gani kwako? Nani usingependa awe jirani yako?

Timu yetu ilipewa kutengeneza dodoso la Kiswahili, kwa ajili ya Wakenya wanaofanya kazi majumbani na familia za Kizanzibari zilizohamia zamani. Kabla ya kazi kamili ilibidi tulijaribu kwa watu wachache.

Hilo swali la jirani lilitutoa jasho. Villa za Al-Malqa jirani ni ukuta. Dada mmoja aliniambia jirani anayemjua ni paka, na hana shida naye.

Sasa shikeni jambo moja. Wenyeji walikuwa wanajaza dodoso wenyewe kwenye karatasi, kimya kimya. Watu wetu tuliwauliza kwa mdomo, maana wengi walijibu huku mikono iko kazini.

Na swali la kwanza kabisa lilikuwa hili: ukiangalia maisha yako siku hizi, umeridhika kiasi gani? Moja ni hujaridhika kabisa, kumi ni umeridhika kabisa.

Nilianza na Nekesa, dada wa Bungoma, kwenye villa moja Al-Malqa. Madam wake alikubali, akatuacha jikoni. Nekesa alikuwa anakata vitunguu, macho mekundu, na sidhani ilikuwa vitunguu peke yake.

"Weka kumi," akasema. "Mungu ni mwema."

Nikaweka kumi. Wa pili akasema kumi. Wa tatu kumi, alhamdulillah. Hadi nikamaliza orodha.

Bosi wetu alikuwa Daktari Helga, mama wa Kizungu aliyetumwa kusimamia dodoso. Hapandishi sauti kamwe, na mtu wa aina hiyo ndiye wa kuogopa. Aliniita ofisini akanigeuzia laptop. Kumi kutoka juu hadi chini.

"Watu hawajibu hivi," akasema. "Hizi ulijaza ukiwa nyumbani?"

Kwa Kiswahili chetu, alikuwa ananiambia nimepika data. Wakuu, iliniuma. Nimewahi kuitwa mengi nchi ile, lakini mwongo, hapana.

Akasema tutaenda Jeddah pamoja, yeye akae pembeni aangalie. Akiona nimedanganya, mkataba wangu halas. Na mkataba ukienda, ikama inaufuata. Ningebaki na mawili, exit ya kurudi Voi au mop.

Jeddah tulienda kwa Bi Raya, mama wa Kizanzibari aliyeletwa na wazazi wake akiwa mdogo, baada ya mapinduzi ya 1964. Tulimkuta sebuleni, mguu umewekwa juu ya mto.

"Shikamoo Bi Raya."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, piteni ndani."

Nikasoma swali. Moyoni nilikuwa naomba aseme saba, aseme sita, aseme chochote.

"Alhamdulillah. Kumi, mwanangu."

Helga akaniangalia. AC ilikuwa inanguruma na mimi natiririka jasho.

Tukamaliza maswali, nikakunja karatasi. Bi Raya akatumiminia kahawa, akatusogezea tende. Ndipo akaanza: "Ila mguu huu, mwanangu, haunipi usingizi. Na lifti mbovu, mie sijatoka nje sijui tangu lini. Na yule kijana wangu toka aoe hanipigii simu."

Nikamtafsiria Helga yote. Alikunja uso. "Lakini amesema kumi."

Niliona kabisa anafikiri mama wa watu hakuwa makini, au mimi nimesoma swali vibaya.

Kwenye taksi akanigeukia. "Na wewe? Maisha yako, moja hadi kumi?"

"Kumi," nikasema.

Wallahi ilitoka yenyewe kabla sijafikiri.

"Unajua kesho naweza kuvunja mkataba wako?"

"Najua."

"Na bado ni kumi?"

"Ndiyo. Namshukuru Mungu. Ila naogopa sana, sijalala tangu uniite ofisini."

Nikajisikia nimesema ila, kama Bi Raya. Nikaanza kucheka peke yangu, machozi yananitoka, dereva ananichungulia kwenye kioo.

Nikamweleza. Kwetu ukimwuliza mtu habari za asubuhi atakwambia nzuri, hata kama usiku amefiwa. Kwanza nzuri, ndipo msiba. Ukianza na msiba huna adabu, na tena huna shukrani kwa Mola. Sasa sisi tulikuwa tunauliza swali la kwanza, uso kwa uso, tunapewa salamu, tunaiandika kama jibu, tunageuza ukurasa.

Helga hakusema samahani. Alitoa kalamu akaanza kupanga dodoso upya papo hapo. Swali lile likaenda mwisho. Kabla yake tukaweka ya kawaida: unalala vipi, unakula saa ngapi, mara ya mwisho umezungumza na watu wako lini. Na chini yake akaandika maelekezo ya neno moja kwa anayeuliza: Subiri.

Lakini ushahidi ulihitajika. Tukarudi Riyadh, moja kwa moja hadi kwa Nekesa. Madam akatukaribisha gahwa, kahawa yao, akapanda juu.

Nekesa alijibu vizuri tu. Tulipofika mwisho akasema, "Si niliwaambia? Kumi."

Nikanyamaza. Akachukua sufuria akaipangusa, na ilikuwa imeshakauka.

"Ila madam hukaa na simu yangu, hunipa Ijumaa tu. Sasa wako na harusi, Ijumaa zinapita tu, amesahau. Sijaskia sauti ya mtoto wangu." Akaweka sufuria chini. "Badilisha. Weka nne."

Nikaandika nne. Helga akaiona, akanitikisia kichwa. Nikajua nimepona. Nilifurahi, siwadanganyi, na hapo hapo nikaona haya, kwa sababu kilichoniokoa ni nne ya mwenzangu.

Sheria ya kazi ni kwamba anayehojiwa hapewi kitu chochote. Nikatoa simu yangu nikampa. Helga akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu sana.

Simu ilipokelewa na nyanya, kisha mtoto. Jikoni kulikuwa kimya, tukamsikia sote: "Mama, uko aje?"

"Niko poa, baba. Poa kabisa."

Mimi nikasubiri ile ila. Haikutoka.

Funzo nililobeba ni hili: nzuri ya kwanza ni adabu tu, hali yenyewe inakuja nyuma, kama upo bado unasikiliza. Siku hizi nikimpigia mama Voi akasema ni mzima, sikati simu. Natulia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilijua ana presha.

Wenye ndugu huko Ghuba, mara ya mwisho walipowaambia wako poa, mlikata simu au mlisubiri? Semeni hapa chini, nasoma kila mchango.